Kadi Saba za Mojamoja

Ndugu zetu, majirani zetu, wafanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na ninyi nyote mliofika leo, Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023, kutushika mkono, familia inawashukuru, na inawaomba mkae vizuri, kwa sababu maelezo haya yatasomwa taratibu, jambo moja kwanza, kisha linalofuata, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza.

Anayesoma ni kaka yake mkubwa, ambaye wengi mnamfahamu kwa kuwa alifanya kazi katika chumba hicho cha kufulia kwa miaka thelathini na mitano, mingi yake akiwa msimamizi. Hapo mbele mnaona ubao mdogo wenye misumari saba, na kwenye kila msumari inaning'inia kadi iliyokatwa kwenye boksi la dawa. Kadi hizo aliziandika marehemu kwa mkono wake mwezi uliopita akiwa amelazwa, na kila moja ina jambo lake: Kuzaliwa, Shule, Kazi, Ndoa, Watoto, kisha ya sita ambayo tutaifikia, na ya mwisho, Ugonjwa. Waliofanya naye kazi wanajua maana yake. Wasiojua waambiwe tu kwamba marehemu aliishi kwa kadi, kwamba kila kazi ilikuwa na kadi yake, na kwamba kazi ikiisha aliandika tarehe nyuma ya kadi, akaigeuza, na hakuigusa tena.

Kaka yake anakiri kwamba historia ya kwanza aliyoiandika siku ya Alhamisi ilikuwa na mambo sita. Mjane wa marehemu aliisoma yote bila kuinua kichwa, akaingia ndani, akatoka na kadi ya sita, akaiweka juu ya karatasi, akasema, "Shemeji, hesabu tena." Kwa hiyo imeandikwa upya, na tunamwomba Mungu ampe msomaji sauti ya kufika mwisho.

Kadi ya kwanza. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, ambaye alikuwa mpaka rangi wa majengo, na mama yetu, ambaye alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto watano, na tulionusurika mpaka leo ni wawili, msomaji na dada yetu wa mwisho, aliyekaa pale karibu na mjane. Alikuwa mtoto mwenye afya, mwenye mbio kuliko sisi sote, na mbio hizo alizihitaji, kwa sababu mama akimtuma dukani kuleta chumvi, sabuni na kiberiti, alirudi na chumvi, akasimama mlangoni akimwangalia mama usoni, na mama akamtaja sabuni, akaruka, akaja na sabuni, akasimama tena. Mama alikuwa akicheka na kusema, "Huyu nikimtuma aniletee dunia nzima, ataanza kuleta udongo, kisha atauliza." Sisi wakubwa tulidhani anafanya makusudi ili asitumwe tena, na msomaji alimkaripia kwa hilo mara nyingi, akiwa na umri wa miaka kumi na tano na kujiona mzazi wa pili.

Kadi ya pili. Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1968 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1974, katika shule ileile ambako mama alikuwa akipika. Alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mtoto mzito, kwa maana jedwali la kuzidisha alilijua lote, na majina ya wanafunzi wote wa darasa alikuwa akiyasema kwa mpangilio wa madawati, lakini katika hesabu za kichwani, pale mwalimu anaposema chukua nane, ongeza tano, toa tatu, zidisha kwa mbili, yeye alikuwa amebaki na ile nane mkononi wakati wenzake wamekwisha kunyoosha vidole. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti ya mwaka 1973 kwamba mtoto huyu anajua lakini hasikilizi. Ripoti hiyo ipo mpaka leo, na neno hilo, hasikilizi, lilimfuata marehemu kwa miaka thelathini.

Aliendelea na sekondari mwaka 1976. Akiwa kidato cha nne, mwezi Mei 1979, alianza kusikia sauti zikimsema wakati hakuna mtu, na akaamini kwamba fundi redio wa upande wa pili wa barabara ndiye aliyekuwa akizituma kupitia nyaya zake, mpaka siku moja mchana alivuka barabara, akamwomba yule fundi kwa adabu sana azime. Fundi huyo, Mungu amlaze pema, hakumfukuza wala hakuita watu, bali alizima redio zote zilizokuwa mezani mwake, moja baada ya nyingine, kisha akamshika mkono akamrudisha nyumbani. Marehemu alilazwa wodi ya magonjwa ya akili tarehe 21 Mei 1979, akakaa wiki kumi na moja, akatoka akiwa ametulia, na mtihani wa mwisho hakuufanya. Familia haimfichi, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha. Sauti zilikuja na kuondoka maishani mwake mara tatu, dawa alizimeza, sala hakuacha, na alipoulizwa kama bado anazisikia, alijibu kwamba siku hizi zinapita kama watu wa mbali wanaoongea mambo yao.

Kadi ya tatu. Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwa maombi ya kaka yake, ambaye alikuwa ameanza hapo mwaka 1978 na wakati huo alikuwa msimamizi mdogo wa zamu. Kazi yake ilikuwa kuchambua shuka chafu zinapoteremshwa kutoka wodini, kabla hazijaingia mashineni. Kwa wageni, kila shuka ya hospitali ile ilikuwa na mstari wa rangi pembeni, njano kwa wodi ya watoto, kijani kwa wazazi, bluu kwa upasuaji, nyekundu kwa wanaume, na marehemu alisimama mbele ya matoroli manne kuanzia saa moja asubuhi, akitupa kila shuka kwenye toroli lake, na hakuna aliyemfikia kwa kasi wala kwa usahihi. Aliweza kukwambia shuka fulani yenye kiraka ilifika mara ya kwanza mwaka gani.

Shida ilikuwa ni maagizo. Ukimwambia maliza toroli la bluu, kisha chukua sabuni stoo, kisha mwite fundi wa mashine ya tatu, alimaliza la bluu, akabaki amesimama, na wenzake wakaanza kumwita Mojamoja. Mwanzoni lilikuwa jina la kumkejeli. Asubuhi akiingia mlangoni, mpiga pasi mmoja, ambaye yupo hapa leo na anajijua, alikuwa akimwuliza, "Mojamoja, leo umekuja na miguu yote miwili, au umetanguliza mmoja?" Marehemu hakukasirika, alijibu kwamba wa pili uko njiani, na kazi ikaendelea.

Kadi ya nne. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mshonaji wa chumba kilekile cha kufulia, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba shuka zilizochanika, na aliyekuwa akimletea shuka hizo ni marehemu. Huyu mwanamke, ambaye leo ni mjane wetu, ndiye mtu wa kwanza aliyemtazama bila kumkaripia. Aliona kwamba akiagizwa uzi mweupe, sindano namba saba na vifungo, analeta uzi, lakini akiagizwa uzi na kuachwa na uzi wake, kisha sindano, hakosei hata mara moja kwa mwezi mzima. Basi mwaka mmoja kabla ya ndoa alichukua boksi la sabuni, akalikata vipande, akaandika kila kazi kwenye kipande chake, akapiga msumari ukutani karibu na matoroli, akamwambia, "Usibebe kichwani, bebea ukutani." Kadi zikakaa pale kwa mpangilio. Marehemu alitazama ya juu, akaifanya, akaandika tarehe nyuma, akaigeuza, akatazama inayofuata. Kuanzia siku hiyo alichukua sabuni stoo, na fundi wa mashine aliitwa, na siku moja yule mpiga pasi alipouliza habari ya mguu wa pili, marehemu alimwonyesha msumari, akasema, "Nimeuandikia kadi." Chumba kizima kilicheka, na kejeli ikaishia hapo.

Waliishi miaka thelathini na minne na miezi saba katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ukuta wa hospitali, na mjane ameruhusu isemwe kwamba hata jikoni kwao kuna misumari.

Kadi ya tano. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 6 Aprili 1990, ambaye ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1994, ambaye ni fundi umeme, na kutoka kwa binti amejaliwa wajukuu watatu. Aliwalea kwa upole, aliwaogesha, aliwapeleka shule, na walipokosea hakuwahi kuwatajia makosa mawili kwa mpigo. Binti yake anasema kwamba baba akikugombeza unajua kabisa umegombezwa kwa nini. Wajukuu wake walikuwa wakigeuza kadi za babu kwa utundu kabla kazi haijaisha, naye alizirudisha zote, akawapa kadi yao isiyo na kitu waigeuze wanavyotaka.

Sasa ni kadi ya sita. Marehemu aliiandika hivi: "Ile ya shuka. Kaka akitaka."

Wengi wa mliofanya kazi pale mnajua kwamba marehemu aliachishwa kazi tarehe 1 Julai 1996. Mnajua pia sababu iliyotolewa, kwamba alikuwa mkaidi, amekataa utaratibu mpya, na kwa ukaidi wake mashine ikavunjika na wodi ya wazazi ikakaa siku tatu bila shuka, akina mama wamelala na vichanga vyao juu ya magodoro matupu. Hayo ya mashine na magodoro ni kweli. Hayo ya ukaidi yaliandikwa na kaka yake, kwa barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi yake, nayo si kweli, na leo mbele ya jeneza hili inasemwa jinsi ilivyokuwa.

Mwezi Machi mwaka huo ilitangazwa kwamba wakaguzi watakuja kuona chumba cha kufulia kabla ya kufungwa mashine mpya. Kaka alikuwa amepandishwa kuwa msimamizi mkuu. Alitazama ukuta, akaona vipande vya maboksi vimening'inia kama mapambo ya darasa la watoto wadogo, vyenye mwandiko wa shemeji yake, akaona aibu, siyo kwa ajili ya kazi, kwa maana kazi ilikuwa inakwenda, bali kwa sababu wakaguzi wangeuliza ni vya nani, na yeye angelazimika kujibu kwamba ni vya mdogo wake, na kwa nini. Siku ya ukaguzi alizing'oa mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu kuingia, akang'oa na msumari, akazitia kwenye pipa la taka. Wakaguzi walipita, wakasifu usafi. Marehemu alipouliza, kaka alimwambia, "Wewe si mtoto, tumia kichwa." Shemeji yake alipouliza, alimwambia ni amri kutoka juu, na haikuwa amri kutoka juu.

Jumatatu tarehe 3 Juni 1996 mashine mbili mpya zilianza kazi, moja ya nguo nzito na moja ya nguo nyepesi, na kuanzia siku hiyo rangi ya mstari haikuwa na kazi tena, kilichotakiwa ni uzito wa kitambaa. Kaka alisoma tangazo hilo kwenye kikao cha asubuhi, mara moja, kwa sauti, akiwa na haraka, maagizo sita mfululizo, na karatasi akaifungia kwenye droo. Wengine walikosea siku mbili tatu kisha wakageuka. Marehemu alichambua kwa rangi. Akielekezwa kwenye toroli alilokosea, alisahihisha toroli lile, akachambua linalofuata kwa rangi, kwa sababu miaka kumi na tano mikono yake ilikuwa imefuata rangi, na ukutani hapakuwa na kitu cha kuikumbusha kwamba mambo yamebadilika. Jumatatu tarehe 24 Juni mablanketi mazito yenye mstari wa kijani yaliingia pamoja na shuka nyepesi za kijani kwenye ile mashine ya nguo nyepesi, na mashine ikavunjika. Kaka alikuja akipiga kelele, akamkuta marehemu amesimama mbele ya matoroli, ameshika shuka, uso umemtoka jasho, akasema neno moja tu la kujitetea, "Kaka, shuka ndizo zimechanganyika." Watu walicheka. Kaka alilichukua neno hilo akaliandika kwenye barua kama ushahidi wa kiburi.

Mwezi huo wa Julai, baada ya kuachishwa kazi, sauti zilirudi, akalazwa miezi minne. Shemeji yake aliendelea kumpa kaka salamu, asubuhi na jioni, na hakumpa zaidi ya salamu kwa miaka saba.

Kadi ya sita haijaisha. Mwaka 2003 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, mwanamke ambaye alikuwa bado kijana wakati huo, alikuwa akifanya uchunguzi wa namna watu waliowahi kusikia sauti wanavyoshika mambo kichwani na kugeuza fikra pale utaratibu unapobadilika, na alihitaji pia ndugu zao wa tumbo moja ambao hawajaugua. Marehemu aliomba kaka yake aende naye. Walikwenda Jumatano tarehe 17 Septemba 2003, saa nne asubuhi, chumba namba tisa, chenye meza moja, viti vitatu na dirisha linaloangalia maegesho.

Kwanza ilikuwa namba. Daktari anazitaja, wewe unazirudisha kinyumenyume, mbili, kisha tatu, kisha nne. Marehemu alifika tatu. Kaka alikuwa amejiandaa kumwonea huruma, naye akafika nne, akakwama. Kisha zikaja kadi zenye maumbo, idadi na rangi, unaambiwa uziweke mahali unapoona panafaa, na daktari anasema ndiyo au siyo, hasemi zaidi. Marehemu alifanya wa kwanza, akakwama sana njiani, akamaliza, akaruhusiwa kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Kaka akakaa mezani. Aliweka kwa rangi, ndiyo. Kwa rangi tena, ndiyo. Mara kumi ndiyo. Kisha daktari akasema siyo. Kaka akaweka kwa rangi, siyo. Akaweka kwa rangi polepole zaidi, siyo. Msimamizi mkuu, mtu wa miaka hamsini, mwenye kalamu mbili mfukoni, alisikia neno siyo mara kumi na tisa, na mwisho akainua uso, jasho likimtoka, akasema, "Daktari, samahani, kadi zako zimechanganyika."

Halafu mlangoni pakaanza kicheko, kikajizuia, kikashindwa, na kaka alipogeuka akamwona mdogo wake amejishika mbavu, machozi yanamtiririka, akisema, "Kaka, rangi ilishastaafu, wewe bado unaipigia saluti!" Na kaka, aliyetaka kukasirika, alisikia sauti yake mwenyewe ya dakika moja iliyopita, akasikia na ile ya mdogo wake ya mwaka 1996 mbele ya matoroli, zikiwa sauti moja.

Daktari alipomaliza kazi yake aliwaeleza kwa lugha rahisi, nasi tunaileta kama alivyoisema. Kichwani mwa kila mtu pana kitu kama meza ndogo, ambapo mtu anaweka yale anayoyafanyia kazi sasa hivi, na pana ghala, ambapo anaweka ya siku zote. Ghala la marehemu lilikuwa zima na limejaa, ndiyo maana alijua kila shuka. Meza yake ndiyo ilikuwa ndogo, ukiweka la tatu, la kwanza linadondoka. Tena kugeuka kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine kulimgharimu nguvu nyingi kuliko watu wengine, na hali hiyo huonekana kwa wengi wenye maradhi ya aina yake, hata siku ambazo hawasikii sauti yoyote, na kwa kiasi kidogo huonekana pia kwa baadhi ya ndugu zao ambao hawajaugua wala hawataugua. Hapo alimtazama kaka, kwa upole. Alisema kipimo hiki hakimpimi mtu utu wake wala akili yake yote. Alisema si ukaidi. Kaka aliuliza basi mtu wa namna hiyo asaidiweje, na daktari akasema, mpe jambo moja kwa wakati, mwandikie mahali anapoliona, na utaratibu ukibadilika umwonyeshe waziwazi kwamba umebadilika. Marehemu akamwambia, "Hiyo tunayo, mke wangu aliigundua zamani." Hakusema ilikwenda wapi.

Njiani kurudi marehemu alicheka mpaka walipofika nyumbani, na kila walipopita kitu chenye rangi, iwe mlango, iwe kanga kwenye kamba, alimgusa kaka bega na kusema, "Hiyo je?" Kaka alipofika alimweleza shemeji yake kila kitu, hata pipa la taka, na siku hiyo alikaribishwa kula. Mwezi Februari 2004 alimwombea marehemu arudishwe kazini, akarudi tarehe 1 Machi, na msumari ukapigwa palepale, na utaratibu wa uzito ukaandikwa kwenye kadi kubwa yenye maneno, "Rangi imekwisha. Pima kwa mkono." Marehemu aliisoma kila asubuhi, na hakuchanganya tena. Baada ya mwaka wenzake nao wakaanza kutundika za kwao, na wakaguzi walipokuja tena, msimamizi aliwapeleka ukutani yeye mwenyewe. Marehemu alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2021.

Lakini ofisini kaka alikuwa amesema tu kwamba afya ya mdogo wake imeimarika. Hakusema habari ya kadi alizozing'oa. Barua ya mwaka 1996 ilibaki kwenye jalada na neno lake la ukaidi, na baadhi yenu mliendelea kumtania marehemu mkiamini kwamba aliwahi kuvunja mashine kwa jeuri, naye alicheka nanyi, miaka kumi na saba, bila kumtaja mtu. Jana asubuhi kaka alikwenda ofisi ya utumishi, akakabidhi barua ya kuifuta ile ya kwanza, karani akaigonga muhuri, na nakala yake iko ndani ya jeneza, chini ya mkono wa kulia. Kilichobaki kilikuwa ni kusema hadharani, na sasa kimesemwa. Shuka hazikuchanganyika, na mdogo wetu hakuwa mkaidi.

Kadi ya saba. Mwezi Novemba 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, ikagundulika kwamba moyo umechoka. Alitibiwa akiwa nyumbani, akalazwa mara ya kwanza mwezi Machi, mara ya pili tarehe 11 Julai, na akiwa kitandani alimwomba binti yake mkasi na boksi la dawa, akaandika kadi hizi kwa siku nne, na kumwambia kwamba kaka asome, asikimbie, wala asiruke. Muuguzi wa wodi anasimulia kwamba alipotandikiwa shuka alishika pembe, akaipima kwa vidole, akasema, "Nyepesi hii, mashine ya pili." Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono na watoto wote wawili wakiwepo, Mungu alimchukua. Ametutoka akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi minne na siku ishirini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, inamshukuru yule daktari wa chumba namba tisa, ambaye amesafiri na yupo nasi, inawashukuru majirani waliotuletea viti, maji na kuni tangu Jumatano bila kuulizwa, na wafanyakazi wa chumba cha kufulia, walioomba wao wenyewe kuifua na kuipiga pasi shuka aliyofunikwa leo. Aliyeipiga pasi anajijua. Inamshukuru pia mtoto wa yule fundi redio, aliyekuja kwa niaba ya baba yake.

Limebaki moja, nalo halikuwemo kwenye maandishi. Marehemu alipoandika kadi hizi aliacha nyuma pakiwa patupu, kama ilivyo kawaida ya kazi ambayo haijafanywa, ili msomaji aandike tarehe ya leo. Jana mchana, maelezo haya yakiwa yamekwisha kuandikwa, kaka yake alikaa kutoboa matundu ya kuzitundika, akazigeuza moja moja. Nyingine zote zilikuwa tupu nyuma. Ya sita, ile ya shuka, ilikuwa na tarehe tayari, kwa mkono wa marehemu, nayo ni 17 Septemba 2003.

Kumbe wewe uliimaliza siku ileile, ndugu yangu, pale mlangoni ukicheka, na mimi niliibeba miaka ishirini, maana ni mimi niliyekuwa nimebaki kwenye rangi. Sasa nazigeuza zote mbele ya watu hawa, na hii yako naiacha na tarehe yako. Hakuna kadi nyingine msumarini, Mojamoja. Pumzika, tena kwa amani, hakuna atakayekutuma.